Boti Inayokunywa Haiachwi Peke Yake

Ninyi mnaoshika nyundo na patasi kandokando ya ziwa hili, kutoka Kalemie mpaka Moba, nipeni masikio yenu kidogo. Sina diploma ya kuwaonyesha. Shule niliiacha darasa la nne, siku nilipopita ufukweni na kumkuta mtu anapachika pamba kwenye nyufa za boti. Nilitaka kujua pamba inawezaje kuzuia ziwa zima. Nikasimama, nikauliza, akanijibu, nikauliza tena. Darasani sikurudi. Nadhani daftari langu bado liko juu ya dawati.

Tangu hapo nimeziba boti Zongwe, Moba, Uvira, Kigoma na vijiji ambavyo hata majina nimeyasahau. Watu wananiita Papa Pamba, na wengi hawajui kama nina jina lingine. Nilikuwa nakaa mahali mpaka nimalize kujua kilichonileta, halafu nafunga vyombo vyangu kwenye mfuko na kupanda boti ya kwanza. Wanawake wawili walinikubali kwa nyakati tofauti. Wote wawili waliniaga kabla sijawaaga mimi, na walikuwa na haki. Mtoto sikujaliwa.

Nawaambia haya mapema ili muelewe vizuri nitakapofika kwenye habari ya tumbo.

Kwa miaka mingi nilikuwa na uvimbe hapa chini kwenye kinena, kama ndimu. Ngiri. Nikisukuma boti unatoka, nikilala unarudi. Ukikataa kurudi, nausukuma kwa kidole gumba na kuendelea na kazi. Najua wapo kati yenu wanaofanya hivyo hivyo, kwa sababu nimewaona mkigeuka nyuma ya boti na kuinama. Acheni. Nendeni kwa munganga wa hospitali mkiwa bado mnatembea kwa miguu yenu. Mimi nilingoja mpaka asubuhi moja ufukweni Kalemie, tunapandisha boti juu ya magogo, ndimu ikatoka na kuwa ngumu kama jiwe. Haikurudi tena. Nilianza kutapika. Walinipakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mmoja anaendesha, mwingine ananishika nisianguke.

Nilipoamka, tumbo langu lilikuwa limeshonwa kuanzia juu ya kitovu mpaka chini. Utumbo ulikuwa umejibana mpaka kipande kikafa, wakakikata na kuunganisha sehemu mbili zilizobaki. Dokta alinionyesha urefu wake kwa mkono wake mwenyewe: kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole.

Unaweza kudhani nililia. Hapana, bado. Kwanza niliuliza.

"Dokta, mmeunga kwa kitu gani?"

"Kwa uzi, Papa."

"Uzi wa namna gani? Hauozi?"

"Unaoza wenyewe, ukishamaliza kazi."

Nilifurahi sana kusikia kuna uzi unaojua wakati wa kuondoka. Nikauliza tena: "Na mnajuaje kama haivuji? Huwezi kuiweka majini ukaangalia."

Akacheka. "Tunangoja, Papa. Ukitoa hewa chini, njo tutajua njia imefunguka."

Basi kwa siku tatu chumba kizima kilingojea ushuzi wangu. Kila asubuhi: "Papa Pamba, upepo umetoka?" "Bado." "Eeh, ziwa limetulia sana leo!" Siku ulipotoka, saa ya uji, walipiga makofi mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza nani amezaa.

Ila kulikuwa na swali lingine, na hilo halikuchekesha. Ninyi mnajua jinsi hospitali zetu zinavyokwenda. Munganga anatoa dawa na kufunga kidonda. Mambo mengine ni ya mtu wako. Mtu wako ndiye anayepika, anayefua shuka, anayekushika kichwa ukitapika, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda chako. Siku ya kwanza muuguzi, Mama Adela, mwanamke mwenye sauti kubwa na mikono laini, alikuja na daftari lake.

"Papa, muntu wako wa kukulinda njo nani?"

Vitanda vyote vilikuwa vinasikiliza. Nikasema, "Ndugu yangu. Anakuja kutoka Moba."

Sina ndugu Moba. Akaandika.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelala mzee wa Nyunzu aliyepasuliwa mguu, Papa Ngoie, pamoja na mke wake Mama Feza. Mama huyo alikuwa na vyungu viwili, mbabula moja ya makaa na macho yanayoona kila kitu. Siku ya kwanza niliporuhusiwa kula, alinipa uji bila kuniuliza. Siku ya pili aliosha kikombe changu. Siku ya tatu akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu na kusema kwa sauti ndogo:

"Huyu ndugu yako wa Moba anakuja kwa mguu, ao anaogelea?"

Nikatazama kikombe changu.

"Ni sawa," akasema. "Kula uji."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuamka. Shikeni hili, maana siku moja mtalihitaji ninyi au baba zenu. Usiinuke kama mtu mzima anavyoinuka. Geuka ubavu kwanza, shusha miguu, halafu jisukume kwa kiwiko na kiganja kama unanyanyua mbao ya mtu mwingine. Ukitaka kukohoa, kunja kitenge mara nne, kibane juu ya mshono kwa mikono miwili, ndipo ukohoe. Na utembee. Siku ya kwanza nilifika mlangoni. Siku ya pili nilifika kwenye bomba la maji. Pale bombani nilisimama nikashika ukuta, nikaiona milima na kipande cha ziwa, nikaona boti ndogo inakwenda kusini. Hapo ndipo nililia. Siyo kwa sababu ya maumivu. Ni kwa sababu nilitazama kila mtu aliyepita na ndoo na kuona kwamba kila mmoja ana kitanda cha mtu wake anachokirudia.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, Zongwe, kwa yule mtu wa pamba, aliyenifundisha kazi.

Papa Kalunga alikuwa mfupi, mkali, na masikio yake yalijua kuliko macho yake. Aliweza kukaa amegeuzia boti mgongo huku mimi napiga pamba, na akasema "Basi!" wakati hasa ufa ulipojaa. Nyundo ya mti inabadilisha sauti, vijana. Mwanzo inasema *pu, pu*, kisha inasema *ta*. Ikisema *ta*, unaacha. Pamba uisokote kwanza juu ya paja, uiloweshe mawese yaliyopashwa moto kidogo, uiingize kwa patasi butu. Siyo patasi kali, utakata nyuzi.

Mimi sikuacha kwenye *ta*. Boti yangu ya kwanza niliisindilia kwa nguvu zote nikidhani najenga ukuta. Ilipoingia majini mbao zikavimba, na kwa kuwa nilikuwa sijaziachia nafasi, zikasukumana mpaka misumari ikang'oka kwenye mbavu. Papa Kalunga hakupiga kelele. Aliniambia, "Umefanya kazi yako, halafu umefanya kazi ya maji. Maji nayo imekuja kufanya kazi yake, imekosa nafasi."

Maana boti ya mbao iliyozibwa ikiwa kavu, ikirudishwa ziwani lazima ivuje. Wenye haraka wanaogopa na kuitoa. Tunasema inakunywa. Inakunywa siku mbili, tatu, mpaka mbao zivimbe na kubana pamba zenyewe. Wakati huo haipakiwi kitu na haiendi mbali. Inafungwa kwenye maji madogo, na mtu anakaa ndani na kopo, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga. Papa Kalunga alikuwa na sheria moja juu ya hilo: boti inayokunywa haiachwi peke yake.

Kazi ile niliichukia kuliko zote. Kukaa! Mimi!

Siku moja aliniacha ndani ya boti yake mwenyewe, mpya, ya mti mzuri, ambayo ilikuwa imemchukua msimu mzima. Ilikuwa siku yake ya kwanza kunywa. Adhuhuri akapita mtu anasema kule ng'ambo ya kijiji kuna fundi anafungua redio na kuonyesha tumbo lake. Nikajiambia, naenda kuangalia mara moja. Ndani ya ile redio kulikuwa na vitu vingi vizuri. Niliporudi upepo wa kusini ulikuwa umeanza, mawimbi yanapiga, na ya ile boti nilikuta pua tu juu ya maji, na miamba iko karibu. Nilisimama pale. Sikumwita mtu. Nikachukua mfuko wangu, nikapita nyuma ya nyumba, nikapanda boti iliyokuwa inakwenda Moba.

Zongwe sikukanyaga tena. Nikisafiri na boti ikaegesha pale, nilikuwa najifunika kofia usoni na kujifanya nimelala. Zaidi ya miaka arobaini.

Turudi Kalemie. Hospitali waliniruhusu. Mama Adela akaniambia: miezi mitatu usibebe bidon ya maji, usishike nyundo, usisukume boti, na ukiona jambo rudi. Mama Feza alinipa kitenge kile cha kukoholea. "Salimia ndugu yako," akasema. Nikarudi kwenye chumba changu karibu na reli, chumba chenye kitanda, mfuko wa vyombo na msumari wa kutundika shati.

Hakuna mtu aliyeniambia jinsi siku inavyokuwa ndefu. Mwili unauma kwa saa zake, lakini kichwa hakina saa. Nilihesabu mabati ya dari. Nilijua hatua za kila jirani. Nilikula mkate na chai kwa sababu sikuweza kubeba maji ya kupikia, na nilikuwa na aibu ya kuomba. Jirani akiuliza "Papa, uko salama?" najibu "Salama kabisa" na mlango unafungwa. Nilianza kujiona kama chombo kilichoachwa mchangani, chombo ambacho mwenyewe hajulikani.

Kisha mshono ukaanza kutoa maji. Kidogo tu, ya rangi ya chai hafifu. Ninyi mnajua sasa nilichofanya, maana ni mafundi. Nilichukua pamba, nikaichemsha, nikaikausha, nikaisokota juu ya paja, nikaisindilia pale palipovuja. Halafu nikakata shamburee ya baiskeli, ule mpira wa ndani, nikajifunga kiunoni mizunguko mitatu, kwa nguvu. Nilijisikia imara. Kesho yake nilishuka ufukweni na nyundo yangu, nikapiga pamba kwenye boti ya mtu mpaka jioni, na watu wakasema, "Papa Pamba amepona!" Nilifurahi mno kuitwa jina langu.

Siku ya tatu nilitetemeka kwa homa mpaka kitanda kikagonga ukuta. Jirani yule yule niliyemwambia salama kabisa ndiye aliyevunja komeo na kunirudisha hospitali.

Mama Adela alikata ule mpira kwa mkasi. Akatoa pamba kwa kibano, akainyanyua kwenye mwanga, akainusa. "Ni nini hii?"

"Pamba na mawese kidogo," nikasema.

Akaitupa kwenye beseni. "Papa, nani amekudanganya ati wewe njo boti?"

Kisha akanieleza, na mimi hata katika homa nikauliza. Hawatashona tena. Wataacha kidonda wazi, kioshwe kila siku, kijae chenyewe kuanzia chini. Nikifunga juu, uchafu unabaki chini. "Nafasi," nikasema. "Mwili unataka nafasi ya kufanya kazi yake." Akasema, "Eeh, njo vile," akadhani homa inapungua.

Halafu akachukua daftari. Kitanda cha Papa Ngoie kilikuwa na mtu mwingine; walikuwa wamesharudi Nyunzu na vyungu vyao viwili.

"Safari hii usiniletee ndugu wa Moba," akasema. "Hii itachukua siku nyingi. Bila muntu, utakufa na mimi nitakuwa nimeosha kidonda bure. Nipe jina moja. Moja tu la kweli."

Nililala nikitafuta. Umri wote huu, ziwa lote hili, nilitafuta jina moja la mtu ambaye akisikia langu atasimama. Lilikuja jina ambalo sikuwa nimelitamka miaka yote ile. "Kalunga," nikasema. "Zongwe. Yeye amekwisha kufa, nilisikia. Labda watu wa nyumba yake. Waambie ni yule aliyeacha boti."

Mama Adela alimpa ujumbe mwenye boti mmoja, naye akapiga simu. Siku nne hakuja mtu. Nilikula nilichopewa na vitanda vingine, na nilisema asante bila kutaja ndugu yeyote.

Siku ya tano aliingia mwanamke mzee mwenye kikapu kichwani, mfupi, mkali. Nilijua ni nani kabla hajafungua kinywa. Sifa, binti wa Papa Kalunga, ambaye nilimwacha akiwa msichana wa kuchuuza samaki wadogo wa ndagala. Alisimama miguuni pa kitanda, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Wewe njo ule alizamisha boti yetu?"

"Ni mimi, Mama Sifa."

"Umezeeka vibaya."

"Ndiyo, Mama."

Akatandika mkeka wake chini ya kitanda. Alinipikia, akaniangalia mpaka nikamaliza. Ndipo nikauliza swali ambalo lilikuwa limenilemea kuliko yote niliyowahi kuuliza. "Baba alinilaani?"

"Kwa nini akulaani?"

"Boti yake. Upepo ule, miamba."

Akaweka sahani chini. "Boti gani ilivunjika? Kamba yako ulifunga vizuri. Ilikaa chini ya maji siku mbili, upepo ukapita, tukaivuta. Ilikuwa imekunywa kuliko boti zote alizotengeneza. Haikuvuja hata tone mpaka ikazeeka. Baba alikuwa anacheka mpaka analia. Alisema, 'Huyu mutoto amekimbia kazi yake nzuri.' Alikungoja. Kila boti ikitoka Moba alikuwa anaangalia."

Vijana, nilijua jambo hilo! Uvira nimeona watu wanazamisha boti kwa kusudi ili zinywe haraka. Nimelifanya mimi mwenyewe kwa mikono hii. Na hata siku moja sikuwahi kulifikiria juu ya ile boti ya Zongwe. Mimi ninayeuliza kila kitu, sikuuliza hilo.

Nilicheka, nikabana kitenge juu ya tumbo. Halafu sikuwa nacheka tena, na Sifa akageukia dirisha, akaanza kukung'uta kikapu ambacho hakikuwa na kitu.

Alikaa mpaka kidonda kikajaa. Hakuwa mpole. Nikikataa kutembea alinisukuma kwa ufagio. Nikitaka kutembea sana, alikaa mlangoni. Siku ya kuondoka akasema, "Kuna boti mbili za watoto wa ndugu yangu, zimezibwa juzi. Hakuna anayetaka kukaa ndani yake." Nikapita kuchukua mfuko wangu, tukapanda boti ya kwanza.

Kwa hiyo ninawaandikia haya kutoka Zongwe, nimeketi ndani ya boti iliyofungwa pale ziwa linapofika magotini, daftari juu ya paja ambalo zamani lilisokota pamba. Nyundo dokta amenikataza kabisa, na kusukuma boti pia. Kopo dogo ameniruhusu, mradi nisiiname ghafla. Jana nilichota bila kupumzika. Leo napata sentensi mbili tatu kati ya kopo na kopo, maana mbao zimeanza kubana.

Msidhani upweke umekwisha. Sifa ana wajukuu zake na jiko lake. Mimi nalala kwenye kibanda cha nyavu, na jioni nasikia watu wakiitana kwenda kula, kwa majina ambayo siyo langu. Wakati mwingine langu nalo linaitwa. Wakati mwingine haliitwi, na ninakula muhogo wangu nikitazama maji.

Asubuhi hii ilipita boti kubwa inakwenda Moba, na mashine yake ilikuwa na sauti ambayo sijawahi kuisikia, kama inakohoa na kuimba pamoja. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nilikuwa tayari nimeshika ukingo wa boti. Nikapiga kelele, "Mashine gani hiyo?" Nahodha akapunga mkono, hakusikia. Mwenye mtumbwi alikuwa pale pale, angenipeleka kwa dakika chache tu nikaione.

Maji ndani ya boti yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Niliketi, nikachota. Ile mashine sijui ni ya namna gani mpaka sasa.